Je, Elimu ya Fedha Yapimika kwa Maswali?

Wako wataalamu wanaopima elimu ya fedha waliyo nayo wanafunzi wa vyuo vikuu. Maswali matatu yanayotumika sana yalitungwa na wanauchumi wawili, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, yakaulizwa kwanza Marekani mwaka 2004. La kwanza lauliza: ukiweka 100 benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miaka 5 utakuwa na zaidi ya 102, 102 kamili, au pungufu? La pili lahusu bei zinazopanda kuliko riba. La tatu lahusu hatari ya kuweka fedha zote katika hisa za kampuni moja.

Sisi tuliotunga na kusahihisha mitihani kwa miaka mingi hatuyadharau maswali hayo. Mwanafunzi wetu anayekopeshwa na Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2016 ilikuwa 8. Asiyejua asilimia ni nini ametia sahihi jambo asilolielewa.

Lakini mtihani hupima kile tu ulichouliza. Hapa Mchikichini twamfahamu kijana aliyepokea posho yake ya chuo, ile waiitayo bumu, akampa mama yake nusu nzima anunue tena nguo za mitumba, kwa maana mtaji wa kwanza uliishia hospitali. Mwezi haujaisha, akawa anakula kwa mkopo kwa mama ntilie. Alilipa lote muhula uliofuata. Mwenziwe ni hodari wa hesabu za riba. Jina lake limo bado katika daftari la mama yule, naye siku hizi hupita mtaa wa nyuma. Yupi kati yao ajuaye fedha?

Twaelekea kumsifu wa kwanza. Tusifanye haraka. Katika Injili ya Luka tunaye mjenzi wa mnara aliyetakiwa kuhesabu gharama kwanza, na tunaye mjane aliyetoa senti zake zote. Mjane yule alitoa kilicho chake. Kijana wetu alitoa chake, kisha njaa yake akambebesha mama ntilie, ambaye hakuulizwa, naye ana watoto na mtaji mdogo. Angepiga hesabu mapema, pengine angetoa theluthi, au angekwenda kuomba muda kabla ya kuketi mezani.

Basi hesabu si adui wa ukarimu. Ndiyo inayotuonyesha wema wetu unalipwa na nani. Wazazi, vijana wanapofungasha kurudi chuoni, tuwafundishe asilimia, kisha tuwaongezee swali la nne: fedha hii nikiitoa au nikiitumia, ni nani atakayebaki akisubiri?