Alifika au Walifika? Juu ya Kuwasomea Watoto Habari za Mashujaa

Je, mtu anayeliacha jambo bila kulisema amesema uongo? Wengi tukiulizwa darasani hujibu haraka kwamba kunyamaza si kusema, na asiyesema hawezi kudanganya. Jibu hilo naliona fupi mno. Nitaeleza kwa nini, na ushahidi wangu ni kitabu cha watoto chenye picha nyingi na maneno machache.

Kitabu chenyewe kilikuja ndani ya boksi la vitabu vya msaada, katika chumba kidogo cha kusomea huku Kikoni, nyuma ya chuo, ambako kila Jumamosi huwasomea watoto kwa saa moja. Kinasimulia safari za Robert Peary, Mmarekani aliyejitangaza kuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kaskazini. Picha zake zinavutia kweli: theluji yenye rangi ya samawati, dubu mweupe, mbwa wengi wakivuta sleji, yaani ule mkokoteni usio na magurudumu unaoteleza juu ya barafu. Kwa watoto wanaoijua barafu kutoka kwenye friji ya dukani tu (ingawa nchi yetu wenyewe ina barafu juu ya Rwenzori), hiyo ni dunia nyingine kabisa. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, nami huwasomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi.

Tulipofika ukurasa wa bendera nikasoma kama ulivyo: Peary alivuka barafu, alishinda baridi, alifika. Msichana mmoja wa darasa la nne, ambaye wiki hiyo alikuwa amefundishwa viambishi vya ngeli ya kwanza, akanyoosha mkono. "Ticha, ni walifika. Wako sita." Alikuwa amewahesabu kwenye picha.

Alidhani anarekebisha sarufi, na kwa sarufi tupu hakuwa sahihi, maana Peary ni mmoja na kiambishi chake ni a-. Lakini kuhusu kilichotokea, yeye alikuwa sahihi kuliko kitabu. Tarehe 6 Aprili 1909, pale Peary alipodai kuwa ndipo nchani, walikuwepo watu sita. Wa pili alikuwa Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1866, aliyesafiri na Peary kwa zaidi ya miaka ishirini, aliyejua kuendesha mbwa, kutengeneza sleji na kuzungumza lugha ya wenyeji. Wanne waliobaki walikuwa Wainuiti: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Kama kweli walifika penyewe, jambo hilo linabishaniwa hadi leo. Lakini kama hawakufika, basi pia hawakufika wote sita. Baadaye Peary alipewa cheo cha admirali. Henson akawa karani wa forodha mjini New York.

Mwenzangu mmoja wa darasa, niliyemsimulia habari hii, alinipinga kwa hoja nzito. Alisema hadithi ya mtoto huhitaji shujaa mmoja. Msafara ule ulianza na watu 24 na mbwa zaidi ya mia. Ukimtwisha mtoto wa miaka minane majina yote hayo, atalala kabla ya dubu kutokea. Tena, akasema, sisi wenyewe huwaficha watoto mambo mengi, na hakuna anayetuita waongo.

Sehemu ya pili ya hoja yake ni ya kweli, na hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Nyumbani kwetu mtu akifariki, mtoto mdogo huambiwa amesafiri. Mama akikosa ada ya shule, hamwambii mwanawe usiku wa kuamkia mtihani. Huo ni ukimya, na pengine ni zaidi ya ukimya, lakini sithubutu kuuita uovu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama jambo limefichwa. Swali ambalo naona linatufaa ni hili: ukimya huu unamlinda nani? Mama anamlinda mtoto. Kitabu kinapoacha jina la Ooqueah kinamlinda mtoto na nini? Jina halitishi. Majina matano hayamlazi mtoto anayekariri wachezaji kumi na mmoja wa timu yake pamoja na wa akiba. Anayefaidika na ukimya huo ni shujaa peke yake, kwa sababu sifa zikigawanywa kwa watu sita, fungu lake linapungua.

Lakini kigezo hicho kinanibana na mimi. Mwaka 1897 Peary aliwachukua Wainuiti sita kutoka Greenland akawapeleka New York, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani. Haukupita muda mrefu wanne wakafa kwa maradhi. Mmoja wa waliokufa, Qisuk, alikuwa na mwana aliyeitwa Minik, wa miaka kama saba hivi. Mtoto huyo alifanyiwa mazishi ya kuigiza ili aamini kuwa baba yake amezikwa, kumbe mifupa ya baba ilibaki makumbusho. Mabaki ya wale wanne yalirudishwa Greenland mwaka 1993.

Je, niwasomee hilo pia watoto wa Kikoni? Sijawasomea, na sidhani kuwa nimewadanganya. Ukimya wangu unamlinda msikilizaji, angalau kwa miaka michache, hadi aweze kuubeba uzito huo. Hata hivyo kitabu kina ukurasa unaosema kwamba wenyeji wa kule walimpenda Peary kama rafiki, na ukurasa huo ninauruka. Kutosema habari za Qisuk ni jambo moja. Kuweka tabasamu mahali pake ni jambo jingine. Na inafaa kukumbuka kwamba waliomwandalia Minik yale mazishi ya uongo wangeweza kujitetea kwamba walikuwa wanamlinda mtoto. Ndiyo maana kigezo changu hakitoshi kikiachwa mikononi mwa yule anayeficha. Lazima swali la nani analindwa liweze kujibiwa siku moja na mfichwaji mwenyewe, akishakuwa mkubwa. Minik alipoujua ukweli alidai mwili wa baba yake. Hakupewa.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa vitabu vya wageni tu. Kila mkazi wa Kampala analijua Ziwa la Kabaka, huko Ndeeba na Mengo, nasi husema Kabaka Mwanga alilichimba. Mwanga hakushika jembe. Walichimba watu wake, kwa kulazimishwa, katika miaka ya 1880, na chuki iliyotokana na kazi hiyo ni mojawapo ya sababu za kupinduliwa kwake mwaka 1888. Hapa kiambishi a- kinafanya zaidi ya kunyima watu sifa: kinaifanya historia isieleweke. Mtoto aliyefundishwa kwamba Kabaka alichimba atashangaa ni kwa nini watu walimchoka mfalme mchapakazi namna hiyo. Vivyo hivyo kwa Peary. Mtoa Henson na Wainuiti kitabuni, kisha umweleze mtoto nani aliwalisha mbwa na nani alitengeneza sleji.

Liko pingamizi jingine, na hili linawahusu hasa wanaosomea tafsiri: msomaji hana ruhusa ya kubadili maandishi ya mtu. Nakubali. Kwa hiyo sibadili kimyakimya. Husoma "alifika" kama mwandishi alivyotaka, kisha nikawauliza watoto wako wangapi pichani, halafu tukayataja majina. Seegloo ndilo wanalolipenda kuliko yote.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo yumo Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, akisimulia kwa Kiswahili safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani aitwaye Bumiller. Katika simulizi hiyo anayetazama, anayeshangaa na anayehukumu ni mtumishi. Rafiki yangu anayesomea sanaa amekubali kunichorea kurasa chache za safari hiyo ili niwasomee watoto muhula ujao. Nimemwomba kwamba popote atakapochora gari linalovutwa na farasi, amchore na anayeliendesha, kwa uso wake, asimwachie mgongo tu.