Dhamana ya Mkono Uliofunga

Golf ikitoka kiwandani Wolfsburg, kila gurudumu lake limeshikwa na boliti tano. Boliti inapita kwenye tundu la rimu na kuingia moja kwa moja katika hesi za habu. Ukiifungua, habu inabaki na matundu matupu. Toyota si hivyo. Stadi zake zimegandamizwa kwenye habu, hazitoki, na kinachofunguliwa ni nati peke yake. Sisi wa Mombasa tumekulia mikononi mwa Toyota, kwa hiyo mwenye gari lake la kwanza la Kijerumani hupata taabu siku anapopata pancha usiku: hana pa kulitundika gurudumu. Inambidi alishike kwa magoti na mkono mmoja, na kwa mkono wa pili atafute tundu gizani.

Basi watu huja gereji kutaka boliti zitolewe na mahali pake ziwekwe stadi. Wengine wana sababu nzito zaidi ya pancha. Wameweka spesa ili rimu pana zitokeze nje na boliti za asili hazifiki tena, au wanafungua magurudumu mara kwa mara na hesi za habu zinalika kila wanapofungua. Sababu hii ya mwisho naikubali bila ubishi. Stadi ikilika utaing'oa utie nyingine. Hesi za habu zikifa, umenunua habu.

Kazi hii naifanya kwa malipo, na kwa ujira wa kazi hii ninalisha watoto. Swali langu si kama inafaa kufanywa. Boliti za kiwandani zina mtu wa kuzijibia: mhandisi aliyezipigia hesabu na kampuni iliyoweka jina lake juu ya gari. Nikizitoa, mhandisi yule amevuliwa dhamana yake. Amevikwa nani, na mpaka lini?

Mtu hawezi kulijibu swali hili vizuri bila kujua ni nini hasa kinacholishika gurudumu. Wengi hudhani gari limekaa juu ya zile boliti kama mzigo juu ya misumari. Boliti ikikazwa huvutika, ikarefuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Katika kutaka kurudi urefu wake inalibana rimu kwenye uso wa habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba kazi. Mbano huo hauonekani wala haugusiki. Hata spana ya toki haiupimi. Inachopima ni nguvu ya kuzungusha, na katika nguvu hiyo kama sehemu 9 kati ya 10 zinaliwa na msuguano wa kwenye hesi na wa pale nati inapokalia rimu. Kinachobaki kuivuta stadi ni kama sehemu moja tu. Kwa hiyo newton-mita 120 za Golf si mbano wenyewe, ni dalili ya mbano, na dalili hiyo ni ya kweli pale tu ambapo hesi ni safi na nati imekaa panapopaswa.

Hapo ndipo penye hatari. Matundu ya rimu za asili za Golf yana kikalio cha duara, kilichochongwa kupokea kichwa cha boliti chenye umbo la mpira. Nati nyingi zinazouzwa na stadi hizi ni za koni, pembe ya nyuzi 60. Koni ndani ya kikalio cha duara haikai. Inagusa kwa mstari mwembamba kuzunguka tundu. Utakaza, spana italia pale pale kwenye 120, utatikisa gurudumu na halitacheza. Mwenye gari atalipa na kushukuru. Baadaye, baada ya mashimo na joto la breki, mstari ule mwembamba unabonyea, mbano unapungua, na nati inaanza kurudi yenyewe.

Sasa aende wapi mtu huyu? Ataambiwa barabara mbovu, ataambiwa alibeba mzigo. Hakuna shahidi. Fundi mwenyewe, kama hakujifunza habari ya vikalio, hajui kwamba alikosa.

Mafakihi waliigusa mas'ala hii zamani sana, wakizungumzia washonaji na watia rangi. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu, akiona watu hawatengenei bila ya hilo. Imamu Malik alikwenda njia hiyo kwa maslahi ya umma. Kwa wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, fundi wa watu wote hulipa, isipokuwa kwa janga lisiloepukika kama moto mkubwa. Katika madhehebu yetu ya pwani, ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana: halipi ila kwa taksiri yake au kwa kilichoharibiwa na mkono wake.

Lakini kuna habari moja kuhusu Imamu Shafii ambayo hainitoki kichwani. Rabii bin Suleiman, mwanafunzi wake wa Misri, amesimulia kwamba Imamu aliona hivyo hivyo, kuwa fundi hana dhamana ila kwa lile lililofanywa na mkono wake, ila hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwachelea mafundi. Aliiona kuwa haki, akaogopa tutakavyoitumia. Sisi ndio aliotuchelea. Kila nikikumbuka hayo huona kwamba kauli ya amana haikuwekwa iwe nafuu yetu. Imemwachia fundi mahali ambapo kadhi hawezi kufika, na mahali hapo ni kama pale baina ya koni na duara: anayejua ni aliyefunga, na Mola wake.

Ndiyo maana siyapendi yale maandishi ya ukutani, kwamba kazi inafanywa kwa hatari ya mwenye gari. Katika biashara, mafakihi wetu hawakukubali kirahisi muuzaji ajivue aibu za bidhaa kwa sharti la mdomo. Kauli iliyo dhahiri ni kwamba huvuka tu kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Kama muuza ng'ombe amebanwa kiasi hicho, sioni vipi ubao wa rangi nyekundu umwokoe anayejua alichofunga.

Kuna kijana aliniletea stadi na nati za koni alizokwisha kununua, na rimu zake ni za asili. Nikamwambia sizifungi.

"Ami, si nati ni nati? Uzi ule ule."

"Uzi ni ule ule, mwanangu. Kikalio siyo."

Nilimpa nati moja aiweke tunduni kwa mkono, akaona inavyoyumba. Alirudi na za duara. Nikasafisha hesi za habu mpaka mafuta yakaisha, nikatia gundi ya hesi, nikazifunga stadi kwa kubananisha nati mbili, nikaziacha gari likalala hapo ili gundi ishike. Nikahesabu mizunguko ya nati: kwa hesi ya 14 kwa 1.5, chini ya mizunguko tisa siridhiki. Nikamwambia arudi akiisha kwenda kilomita mia hivi, nizikaze tena.

Sheikh ninayesoma kwake anasema dhamana yangu inakoma hapo: nimefanya kwa ujuzi, nimeeleza, nimekabidhi. Namheshimu, lakini moyo haujakubali. Gari hilo litauzwa. Mnunuzi hataambiwa. Siku moja atasimama kwa mtu wa pancha kando ya barabara ya Malindi, nati moja imepotea, na mtu wa pancha atachukua ya Land Cruiser 200, ambayo uzi wake pia ni 14 kwa 1.5, nayo itaingia bila kusita. Nimemwuliza sheikh kuhusu mtu huyo wa tatu, ambaye hakunilipa wala sitamjua. Amesema atatazama vitabu. Wakati huo naandika kwa rangi nyeupe ndani ya buti, juu ya tairi la akiba, kipimo cha uzi, umbo la kikalio na 120, na kila mwenye gari namwomba asiyafute atakapoliuza.