Breki ni ya Nani?

Leo nawaomba tutafakari swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo: je, mtu aweza kuiendesha barabarani baiskeli isiyo na breki, kwa kuwa baiskeli ni mali yake?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi Uingereza, aliniandikia kwamba anaunda baiskeli ya aina ambayo pedeli zake hazitulii kamwe. Baiskeli tulizozizoea, ukifika mteremkoni waacha kukanyaga na gurudumu lajiendea. Hii sivyo. Gia ya nyuma imeshikamana na gurudumu, hivyo maadamu gurudumu lazunguka, miguu nayo yazunguka. Atakaye kupunguza mwendo huzizuia pedeli kwa nguvu za miguu. Ndizo baiskeli za mashindano ya uwanjani, ambako breki hazitakiwi, kwani wote waelekea upande mmoja na hakuna mtu avukaye.

Wapenzi wa kazi hii hutafuta fremu kuukuu za chuma, hasa za bomba za Reynolds 531 zilizotolewa tangu mwaka 1935, wakazisugua kutu na kuzipaka rangi upya. Nami nawasifu. Mna hesabu tamu ndani yake. Ukiweka meno 48 mbele na 16 nyuma, gurudumu lazunguka mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedeli. Basi mtu akifunga miguu katika mkao ule ule, tairi laburuzwa mahali pale pale na kulika upesi. Weka meno 49 mbele, na mahali pa kuburuzika patakuwa 16. (Ningalikuwa bado darasani, ningaliwapa wanafunzi zoezi hilo.) Iko pia nati ya kuishikilia gia, ambayo nyuzi zake zimekatwa kinyume, ili miguu izuiapo gia isifunguke. Fundi asiyeifunga nati hiyo amefanya nusu ya kazi.

Taabu ya kijana wangu ilikuwa foki ya mbele. Foki yake ya uwanjani haikutobolewa tundu la breki, na kuitoboa leo ni kuharibu kitu kilichotunzwa miaka mingi. Akauliza: miguu ninayo, macho ninayo, kwa nini nisiiache kama ilivyotengenezwa?

Hoja yake si ya kupuuzwa. Kuheshimu kazi ya mikono ya waliotutangulia ni jambo jema. Lakini baiskeli inapozuiliwa, uzito huhamia mbele, na gurudumu la nyuma hupungukiwa na mshiko. Miguu iwe ya nani, gurudumu la nyuma peke yake husimama mbali zaidi kuliko breki ya mbele. Ujuzi ni wa mpandaji. Zile hatua za ziada zaweza kuwa za mtu mwingine.

Mwezi wa Februari 2016, jijini London, kijana wa miaka 18 aliyepanda baiskeli ya namna hii bila breki ya mbele alimgonga mama wa watoto wawili aliyekuwa akivuka barabara. Mama yule alifariki baada ya wiki moja. Mwaka 2017 mahakama haikumtia kijana hatiani kwa kuua bila kukusudia, bali ilimhukumu miezi 18 kwa sheria ya mwaka 1861, ya enzi za magari ya farasi. Ilielezwa kwamba alipiga kelele mara mbili. Hapo ndipo ninapokwama. Apigaye kelele mahali pa kusimama amemkabidhi mwenzake kazi yake mwenyewe. Wengine watasema, avukaye naye aangalie. Ni kweli, naye aangalie. Lakini barabarani wamo watoto, na wazee, na wasiosikia kabisa.

Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 hazidai makubwa: gia iliyoshikamana yahesabiwa kuwa breki moja, hivyo yatakiwa ya mbele tu.

Nilimjibu aitafute foki ya barabarani ya miaka ile ile, iliyokwisha kutobolewa, na ile ya asili aipake mafuta na kuihifadhi. Ila apime kwanza urefu wa shina na nyuzi zake, maana nyuzi za Kifaransa hazilingani na za Kiingereza.