WIMBO KANDO YA KITANDA

Katika 1 Samweli 16:23 Sauli alipata nafuu Daudi alipopiga kinubi. Daudi hakuja na kwaya nzima! Mimi niliwahi kuingia wodini na waimbaji na ngoma; mama mmoja aliyewekewa oksijeni akageuza uso ukutani. Niliona haya.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2013 ulihusu wagonjwa 373 waliosaidiwa kupumua kwa mashine. Waliosikiliza muziki walioupenda wenyewe, saa waliyotaka wenyewe, walipungukiwa na hofu kuliko wenzao, wakahitaji dawa kidogo za kuwatuliza. Matibabu mengine yaliendelea.

Basi tuombe kwanza ruhusa kwa muuguzi. Kisha tumwulize mgonjwa: wimbo gani? Wa lugha ya nyumbani? Akikataa, tuketi naye kimya.