Je, Ni Haki Kununua Ruhusa ya Kutoa Moshi?

Liko swali ambalo watu wa Marekani wamehojiana juu yake miaka mingi, nalo latufaa sisi pia kulifikiri, maana si la fedha tu, ni la haki. Swali ni hili: Mwenye mtambo utoao moshi, akinunua kwa mwenzake ruhusa ya kuzidi kuutoa, je, ahesabiwe kuwa hana hatia?

Kwanza tutazame asili ya jambo. Nchi ile ina mbuga na nyika zilizowekwa akiba, ili watu wazione kama zilivyokuwa tangu zamani. Mojawapo ni Grand Canyon, korongo lenye kina cha kama maili moja, lililochimbwa na mto Colorado. Watu husafiri mbali ili kulitazama tu. Lakini katika karne ya 20 ukungu ulizidi kuwafunga macho. Serikali ilipotoa kanuni zake mwaka 1999 ilieleza ya kuwa katika mbuga za mashariki, ambako kwa asili mtu angeona hata maili 90, wakati ule aliona maili 15 mpaka 25 tu.

Ukungu huo si wa mvua. Sehemu kubwa ilitoka katika makaa ya mawe yaliyochomwa ili kupata umeme. Ndani ya makaa mna kiberiti. Kikiungua hupanda katika dohani kama hewa isiyoonekana, kisha hugeuka angani kuwa chembe ndogo mno, zinyonyazo unyevu na kuutawanya mwanga. Nao upepo huzichukua mamia ya maili, hata anayefunikwa na ukungu huwa hamjui aliyemletea.

Mwaka 1977 Bunge la Marekani liliweka shabaha ya kuuondoa ukungu uletwao na watu katika mbuga kubwa na nyika za akiba, nazo zilihesabiwa 156. Kanuni za 1999 zikaweka mwaka 2064 kuwa mwisho wa safari. Lakini waende kwa njia gani? Njia moja ni kumwamuru kila mwenye mtambo asafishe moshi wake. Njia nyingine ni biashara.

Biashara yenyewe ni hivi. Serikali huamua kwanza jumla ya tani zitakazoruhusiwa kwa mwaka, iliyo chini ya zile zilizotolewa zamani. Kisha hugawa hati, kila hati tani moja. Mwisho wa mwaka kila mwenye mtambo hana budi kuonyesha hati zilizo sawa na moshi wake. Awezaye kupunguza kwa gharama ndogo hupunguza sana, akauza hati zinazobaki. Na yule ambaye gharama yake ni kubwa hununua. Mpango wa namna hii uliwekwa katika sheria ya 1990, kwa ajili ya mvua kali iharibuyo maziwa na misitu, ukaanza kazi mwaka 1995.

Wako waliokataa. Mwaka 1997, mataifa yaliposhauriana kule Kyoto juu ya biashara kama hii, Michael Sandel, mwalimu wa Harvard, aliandika gazetini kuipinga. Alipambanua faini na ada. Faini humwambia mtu, Umekosa. Ada humwambia, Umelipa, pita. Tena wengine wamezilinganisha hati hizi na vyeti vya msamaha, ambavyo Martin Luther alivipinga mwaka 1517.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haifai tuipokee bila kuipima. Vyeti vya msamaha havikuwa na kikomo: kadiri vilivyonunuliwa, ndivyo muuzaji alivyofurahi, na uovu haukupungua. Hapa hesabu ina kikomo, na hati aliyoichukua mmoja, mwingine hanayo. Mwaka 1990 mitambo ya umeme ya Marekani ilitoa zaidi ya tani milioni 15 za hewa ile ya kiberiti. Mwaka 2010 ilitoa karibu milioni 5. Biashara peke yake haikuyafanya yote, kwani sheria nyingine na gesi ya bei nafuu zilisaidia. Hata hivyo hatuwezi kusema ya kuwa ilikuwa hila tupu.

Basi hatari iko wapi? Hati husema ya kuwa tani moja ni sawa na tani nyingine, lakini kwa jicho la mtu sivyo. Tani itolewayo ukingoni mwa korongo si sawa na tani itolewayo mbali. Karibu na Grand Canyon palikuwa na mtambo uitwao Navajo. Kama mwenyewe angalinunua hati za mitambo ya mbali, hesabu ya nchi ingalikuwa sawa, na korongo lingalibaki katika ukungu. Kwa hiyo mwaka 1991 iliamriwa kwamba mtambo ule wenyewe upunguze moshi wake wa kiberiti kwa asilimia 90. Amri hiyo ilitimizwa miaka ya tisini, na mtambo ukafungwa mwaka 2019.

Kwa sababu hiyo mimi naona kuuza na kununua si dhambi kwenyewe, kama vile kupima nafaka kwa pishi si dhambi. Ila pishi iwe ya kweli. Jumla ipungue kweli mwaka kwa mwaka, wala isiongezwe kwa siri wenye fedha wanapolalamika. Tena aishiye chini ya dohani asiambiwe avumilie kwa kuwa hewa imesafishwa kwingine. Mwenye kununua hati amelipa deni lake kwa serikali, lakini jirani anayepokea moshi hakulipwa kitu, naye bado ana haki ya kudai.

Hata sisi, tukisikia mtu akisema ya kuwa amelipia uharibifu wake, tumwulize: Umemlipa nani, naye aliyeumia ni nani? Wakiwa si mtu mmoja, bado iko kazi ya kufanya.