Kazi ni Kazi, Lakini ni ya Nani?

Kuna swali ambalo vijana wengi wa Kisauni na Likoni hulikwepa kwa maneno matatu: kazi ni kazi. Uko na laptopu, unalipwa kwa picha, unachora visanduku: hili gari, huyu mtu, hii nyumba. Mteja humjui, na mara nyingi mkataba wenyewe unakukataza kuuliza. Sasa picha hizo zikiishia kwenye droni ya jeshi fulani, wewe una hatia?

Mwaka 2018, zaidi ya wafanyakazi 3,000 wa Google walitia saini barua ya kupinga Maven, mradi wa wizara ya ulinzi ya Marekani wa kufunza mashine itambue vitu kwenye video za droni. Kampuni ikaamua kutoongeza mkataba ule. Watu wakawapigia makofi, na walistahili. Lakini mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba sehemu ya kazi ya kuweka lebo ilifanywa na vibarua wa mtandaoni, waliolipwa pesa kidogo bila kuambiwa ni ya nani. Mhandisi alijua jina la mradi, alikuwa na mshahara mnono, na alijua barua ampelekee nani. Kibarua alikuwa na kisanduku tu.

Linganisha na makuli. Aprili 2008, makuli wa Durban walikataa kushusha silaha za Wachina zilizokuwa zikienda Zimbabwe, na meli ikaondoka pale bila kuzishusha. Mwaka uliofuata, Februari 2009, meli ya Faina ilitia nanga hapa kwetu Kilindini na vifaru 33, baada ya kushikwa na maharamia miezi kadhaa. Serikali ikasema ni vya Kenya, wengine wakasema vinaenda Sudan Kusini. Hata hivyo kifaru ni kifaru. Mji mzima ulikiona na ukauliza. Kibarua wa mtandaoni hakioni kifaru chake. Kimekatwakatwa vipande vidogo mpaka kila kipande kinaonekana hakina madhara.

Kwa hiyo kutojua huku hakukutokea kwa bahati mbaya. Ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Asiyejua ana udhuru, nakubali. Ila aliyepanga wewe usijue hana, na ndiye wa kubebeshwa mzigo kwanza.

Utaniambia: mkono mtupu haulambwi. Ukiuliza sana, akaunti inafungwa, kazi anapewa mwengine Kampala au Manila. Ni kweli kabisa. Januari 2023, jarida la Time lilifichua kwamba waliochuja maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI jijini Nairobi walikuwa wakipata chini ya dola 2 kwa saa. Kwa pesa hiyo, dhamiri unaiwekea akiba wapi? Ndiyo maana barua ya Mei 2024, ambayo wafanyakazi 97 wa Kenya walimwandikia Rais Biden, mimi naiona kubwa kuliko inavyosomwa. Wengi waliiona ni malalamiko ya malipo na afya ya akili. Lakini mtu asiyeweza kukosa mshahara wa wiki moja hawezi kukataa kitu. Kupigania malipo na chama cha wafanyakazi ni kupigania nafasi ya kusema hapana. Na wale walikuwa 97. Hawakwenda mmoja mmoja.

Kuna wanaosema vita vya droni viko mbali, havituhusu. Huku bara, Likoni na Kisauni, ziko familia ambazo mtoto wao alichukuliwa na watu wasiojulikana mpaka leo hajarudi. MUHURI na HAKI Africa wameandika visa hivyo miaka mingi. Mashine iliyofunzwa kutambua sura haiulizi sura ni ya wapi. Ikishajua, itauzwa kwa serikali yoyote yenye pesa, pamoja na hii yetu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Basi sikwambii uache kibarua kesho. Mimi siwezi kukulipia kodi ya nyumba. Nasema swali la "hii ni ya nani?" liwe sehemu ya madai, sawa na malipo na saa za kazi. Liulizwe na wengi kwa pamoja, kwa maandishi. Kampuni ikikataa kujibu, hapo angalau udhuru wa kutojua utakuwa umekwisha, kwao na kwetu.