Damu ya Calcutta na Mgawanyo wa Lawama

Jirani anapomuua jirani, lawama ni ya nani: ya aliyeshika kisu, ya aliyemchochea, au ya mtawala aliyewagawa wote wawili miaka mingi kabla ya siku hiyo? Swali hili ni la kale, lakini liliulizwa kwa uchungu wa pekee katika Bara Hindi, mwishoni mwa utawala wa Mwingereza.

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza ni la mkoloni mwenyewe: Wahindu na Waislamu walikuwa mahasimu tangu jadi, naye Mwingereza alikuwa msuluhishi tu. La pili ni la wazalendo: Mwingereza aliwagawa ili awatawale. Jibu la pili lina ushahidi mzito. Sensa za kikoloni zilimtaka kila mtu awekwe chini ya dini moja, hata pale ambapo wanakijiji walizuru makaburi yaleyale ya mawalii na kusherehekea sikukuu za wenzao. Mwaka 1905 Lord Curzon aliigawa Bengal. Sheria ya mwaka 1909 iliwatengea Waislamu viti vyao na wapiga kura wao, na tangu hapo mgombea wa viti hivyo hakuhitaji kumbembeleza Mhindu hata mmoja. Mwishowe, Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwahi kufika India, alipewa takriban wiki tano kuchora mpaka. Mpaka huo ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, uhuru ukiwa umekwisha kupatikana.

Hata hivyo, sheria haishiki kisu. Tarehe 16 Agosti 1946, chama cha Muslim League kiliitisha siku ya maandamano kudai Pakistan. Mjini Calcutta siku hiyo iligeuka kuwa mauaji yaliyoendelea kwa siku kadhaa, na maelfu ya watu wa pande zote mbili waliangamia. Mwezi Oktoba Wahindu walishambuliwa Noakhali, mashariki mwa Bengal. Punde Waislamu wa Bihar wakauawa kwa kisasi. Mkulima wa Bihar aliyelipishwa damu ya Noakhali pengine hakuwahi kukanyaga huko. Alikufa kwa sababu alihesabiwa kundi moja na watu asiowajua. Hapa mantiki ya sensa ilikomaa: mtu hakuwa tena fulani bin fulani, mwenye duka na watoto, bali namba inayoweza kulipia namba nyingine.

Lakini katika Calcutta hiyohiyo walikuwapo Wahindu waliowaficha Waislamu majumbani mwao, na Waislamu waliowaficha Wahindu. Hao nao waliishi chini ya sheria zilezile na kuhesabiwa katika sensa zilezile. Kama ukoloni peke yake ungetosha kumfanya mtu muuaji, wao wasingekuwapo. Kuwapo kwao kunathibitisha kwamba uchaguzi ulibaki, japo ulikuwa mwembamba na wa hatari.

Tukio moja la Agosti 1947 linaonyesha ugumu wa kukiri jambo hili. Gandhi alikuwa amehamia mtaa wa Beliaghata, Calcutta, kuishi nyumba moja na Huseyn Suhrawardy, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Bengal wakati wa mauaji ya mwaka uliotangulia na aliyelaumiwa na wengi. Umati ulipomkabili na kumuuliza kama hakuhusika na mauaji yale, alijibu kwanza kwamba wote walihusika. Alipobanwa ajibu swali lenyewe, alikubali kwamba dhima ilikuwa yake.

Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa. La kwanza lilikuwa kweli, lakini kweli iliyomsitiri msemaji miongoni mwa wengi. La pili halikumwondolea lawama Mwingereza, wala mchochezi wa upande wa pili, wala kijana aliyeshika rungu. Lilirudisha kwa mwenyewe kilichokuwa chake. Lawama si shamba la urithi linalopungua kila warithi wanapoongezeka. Mtawala aliyegawa anabeba yake nzima, kiongozi aliyezembea yake nzima, na muuaji yake nzima.

Ungamo hilo halikuwa dawa ya kila kitu. Ghasia zilirudi mwishoni mwa Agosti, hata Gandhi akafunga kula kuanzia tarehe 1 hadi 4 Septemba ndipo mji ukatulia. Punjab iliendelea kuteketea, na watu zaidi ya milioni kumi wakavuka mipaka mipya.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Tangu wakati huo kila upande umetunza kumbukumbu ya wafu wake, na ni haki yake. Kumbukumbu ya wauaji wake ndiyo iliyo adimu. Bila hiyo, kila kifo cha jana hubaki deni la kudaiwa kwa mtu mwingine, kama alivyodaiwa mkulima wa Bihar.